Kibanda Kilichomzika Kalonda Angali Hai

Tangu nirudi, kila anayepita mbele ya karakana yangu hapa Kasongo ananiuliza neno moja: "Mama Riziki, ni kweli ulizika mutu muzima?" Wengine wanauliza huku wakicheka, wengine wanasimama mbali kidogo, kana kwamba brashi yangu ina sumu. Nimechoka kujibu vipande vipande. Kaeni niwasimulie yote mara moja, na atakayenikatiza ajue rangi iliyobaki katika kopo hili itaishia kwenye shati lake.

Mnaijua kazi niliyoipata. Kule Kabambare, pembeni ya msitu unaolindwa, mradi mmoja ulitengeneza njia ya miguu ya kuwapeleka wageni hadi kwenye maporomoko ya maji. Wakaniomba nichore mabango ya kusimamishwa njiani: huyu ni nyani gani, mti huu unatibu nini, hapa msiwashe moto. Na mwanzoni kabisa mwa njia wakataka kibanda cha maelezo, yaani paa la makuti juu ya nguzo, bila kuta, na ndani yake ubao mkubwa wenye sura ya kiongozi wa wageni, ili mgeni ajue akamtafute nani kijijini. Kiongozi huyo ni Kalonda, Mbangubangu wa kule kule, aliyeifyeka njia hiyo kwa panga lake mwenyewe.

Nilimchora kutoka kwenye picha, na nilimchora vizuri. Sitajifanya mnyenyekevu. Ukimtazama, anakutazama. Pembeni nikamzungushia mstari mnene mweusi, kwa sababu nyeusi ndiyo rangi iliyokuwa imebaki, na chini nikaandika: KALONDA, ALITUFUNGULIA NJIA. Wafanyakazi wa mradi, watu wa mbali wasioijua Maniema, jimbo letu hili, wakazibeba mbao zote wakatangulia kwenda kuzisimamisha. Kalonda mwenyewe wakati huo alikuwa hapa Kasongo, hospitalini, amepasuliwa ngiri. Alipopata nafuu tukapatana tusafiri pamoja: yeye arudi kwa mama yake, mimi nikatengeneze maandishi yaliyokwaruzika njiani.

Kasongo hadi darajani

Tulichukua pikipiki mbili. Kalonda alipanda ya Saidi, dereva mwenye maneno mengi kuliko mafuta, mimi nikapanda ya mwenzake, makopo ya rangi yamefungwa nyuma yangu. Daktari alikuwa amemwonya Kalonda asitikiswe. Kuambiwa usitikiswe kwenye barabara ya Kabambare ni sawa na kuambiwa uoge usilowe. Basi kila tulipofika kwenye shimo Saidi alisimama, Kalonda akashuka ameshika tumbo, akatembea polepole hadi ng'ambo, akapanda tena. Mnanijua nilivyo na subira. Nilikuwa nimekwisha kuvimba kabla hatujauacha mji vizuri.

Darajani tukakuta gogo moja limeteleza na watu wanalirudisha kwa kamba, kila mmoja akiwa mkubwa wa kazi na hakuna wa kuvuta. Tukakaa pembeni, tukanunua wali na samaki wa kuchoma kwa mama mmoja, tukala. Wali ule ulikuwa na mawese mekundu ya kutosha, na nikaanza kumsamehe kila mtu.

Akaja mwanamke kutoka upande wa Kabambare, anavuka daraja kwa miguu juu ya magogo yaliyobaki, kichwani beseni la ngazi, yaani chikichi, zilizoiva. Alikuwa anasalimia wote kwa mpangilio, kama adabu inavyotaka: "Yambo baba, yambo mama, yambo baba." Alipofika kwa Kalonda hakumaliza neno. Beseni likaanguka. Ngazi zikatawanyika matopeni, nyingine mtoni. Akapiga ukelele, akageuka, akarudi mbio juu ya magogo yale yale aliyokuwa amevuka kwa kuombea kila hatua.

"Yule ni jirani wa shangazi yangu," Kalonda akasema. Alikuwa bado ameshika tonge.

"Basi uko na deni lake," Saidi akamwambia.

"Hapana. Labda nimekonda sana."

Tukacheka. Mimi nilikasirika pia, maana sijapata kuona mtu anayekimbia mali yake. Tukaziokota zile ngazi, tukamwachia beseni yule mama wa wali amtunzie.

Darajani hadi kambi ya wachimbaji

Mchana tuliingia katika kambi ya wachimba dhahabu. Pale kuna watu wa kila upande: Washi kutoka Bukavu, Wabembe wa Fizi, Walega, wengine wanaswali kwenye turubai lao, wengine wanaimba nyimbo za kanisa wakiwa matopeni hadi magotini. Kalonda alikwenda kijitoni kunawa na kulegeza bandeji. Mimi nikaingia katika kibanda cha chai cha mama mmoja wa Bushi, kwao na Washi, jina lake Nabintu, mtu wa uso mchangamfu, nikaagiza chai na maharage.

"Munaenda Kabambare?" akaniuliza. "Munaenda ku kilio?"

"Kilio gani?"

"Cha ule mutu wa pori. Walimuzika pale njia ya maji inaanzia. Mama, ile kaburi iko muzuri! Payoti ya makuti juu ya nguzo, matawi ya ngazi huku na huku, na picha yake ndani. Hata kwetu Bukavu sijaonaka kaburi ya vile. Miye mwenyewe nilipita pale, nikakata jani, nikamuwekea."

Kijiko kilisimama katikati ya maharage na mdomo.

"Picha ya namna gani?"

"Mutu anakuangalia tu, utafikiri anataka kusema. Rangi nyeusi pembeni. Na chini waliandika jina yake, Kalonda, ati alitufungulia njia."

Jamani! Nilihisi baridi, mimi niliyekaa karibu na jiko lake. Kwa sababu yote niliyaona hapo hapo, kitu kimoja kimoja, kama mtu anayewasha taa chumba baada ya chumba. Kule kwao mtu wa heshima akizikwa hujengewa paa juu ya kaburi, mvua isimpige. Paa juu ya nguzo, bila kuta. Wale wafanyakazi wa mbali, kwa furaha ya kumaliza kazi, walikuwa wamekipamba kibanda kwa matawi ya mchikichi ili kuwakaribisha wageni. Na nani kwetu asiyeijua maana ya matawi ya mchikichi yaliyosimamishwa kando ya njia? Hata hapa Kasongo ukiyaona unashuka kwenye baiskeli na kuuliza ni nani aliyefariki. Ndani ya paa hilo, sura ya mtu katika mstari mweusi. Na mtu mwenyewe kijiji kizima kilimwona akiondoka kwenda kupasuliwa tumbo. Na wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuondoka, hakuna wa kuulizwa kama kweli walileta maiti kutoka hospitalini. Mngekuwa ninyi mngefikiri nini?

"Mama yake je?" nikauliza.

Nabintu aliinua macho. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Kalonda alikuwa mlangoni, anajifuta mikono kwenye suruali, anauliza kama maharage yana chumvi.

Yule mama hakukimbia. Alinyoosha mkono wenye mwiko, akamgusa kifuani kwa mwiko kwanza, halafu kwa kidole, halafu kwa kiganja chote.

"Iko na joto," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaketi chini, mwiko mapajani.

Mimi ndiye niliyemweleza Kalonda. Sikumwachia mtu mwingine. Alinisikiliza akitabasamu kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha, mpaka Nabintu alipoongeza lile ambalo sikuwa nalijua.

"Mama yako anakaa pale chini ya payoti, ku mukeka. Wanamuletea bugali, anakataa. Wanamuletea uji, anakataa. Nilimusikia na masikio yangu. Anasema: mutoto wangu hali kitu mule chini, miye nitakula aje?"

Tabasamu likaondoka usoni mwa Kalonda, na sijaliona tena hadi mwisho wa safari.

"Twende," akasema. Chai yangu niliiacha pale.

Kambi hadi Kabambare

Sasa yule aliyekuwa akishuka kwenye kila shimo ndiye aliyempiga Saidi mgongoni akisema endesha, endesha. Nilivua kitenge changu cha pili nikamfunga Kalonda nacho kiunoni, nikakaza kama mama anavyofungwa baada ya kuzaa. Kila pikipiki yao iliporuka mbele yangu, niliusikia mruko ule katika tumbo langu mwenyewe. Mama yake hali, naye ana mshono mbichi. Tukienda polepole tunamkosa mama, tukienda mbio tunampasua mtoto.

Tulianguka mara moja, kwenye mteremko wenye utelezi. Pikipiki ya Saidi ililala ubavu, Kalonda akabaki ameketi kwenye tope, mikono yote miwili juu ya kitenge. Nilimkimbilia. Nawaambia wazi nilichokiwaza, na kilinitisha kuliko yote ya safari ile: akifa huyu hapa, ubao wangu utakuwa umesema kweli.

"Fungua nione," nikamwambia.

"Hakuna damu."

"Fungua!"

Akafungua. Kweli hakukuwa na damu. Nikamkemea Saidi kwa matusi yote niliyorithi kwa marehemu shangazi yangu, naye, mtu yule wa maneno, akainua tu pikipiki yake.

Tulifika Kabambare soko likiwa bado limejaa. Mwanzoni ni wachache waliogeuka. Halafu kimya kikaanza kwenye meza za makayabu, samaki wa chumvi, kikaenda hadi kwa wauza viatu, na nyuma ya kimya watu wanajivuta, kila mtu akitafuta mgongo wa mwenzake wa kujifichia. Mwanamke mmoja alijifunika kichwa kwa sinia. Mtu mzima mwenye ndevu aliingia chini ya meza yake ya sabuni. Mimi sikuwa hata na nguvu ya kucheka.

Katikati ya njia alikuwa amesimama kijana mmoja, amevaa koti la kahawia zito, joto lote lile.

"Sefu," Kalonda akamwita. Alikuwa mdogo wake, tumbo moja. "Ile koti ni ya nani?"

Sefu akalitazama koti.

"Yako, yaya," akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Basi nipe."

"Yaya... wewe ulikufaka."

"Nipe koti."

Akalivua. Vifungo vilimshinda, akavivuta viwili vikakatika. Akalikunja vizuri, akaliweka chini kati yao, akarudi nyuma bila kumpa kisogo. Kalonda aliliokota akalivaa juu ya tope lake. Alipolivaa tu, Sefu akapiga magoti akalia kama mtoto.

"Tulikulilia muzuri, yaya. Hata wale hawakukupendaka walilia."

"Kwa nini hamkutuma mutu Kasongo kuuliza?"

"Kuuliza nini, yaya? Picha yako iko pale!"

Nilitamani ardhi inimeze, na makopo yangu ya rangi pia.

"Mama iko aje?"

Sefu akatikisa kichwa. "Iko pale tu. Hatuwezi kumuondosha. Leo asubuhi hakusema hata neno."

Kabambare hadi mwanzo wa njia

Pikipiki zilitufikisha hadi njia ilipokuwa nyembamba, tukatembea. Nyuma yetu, kwa umbali wa kujiokoa, ilikuja nusu ya soko. Tukapita bango langu la kwanza, la kuwaambia wageni wasitupe taka. Mbuzi alikuwa amejikuna nalo mpaka likainama. Kalonda alikwenda ameshika bega la Sefu, na Sefu kila mara akilitazama bega hilo kama kweli ni lake.

Halafu nikakiona. Wenzangu, ninajua kazi yangu, na ninajua kibanda cha maelezo kinafananaje. Lakini nilichokiona pale lilikuwa kaburi. Makuti mapya juu, matawi ya mchikichi yaliyonyauka yameinama huku na huku, mbele yake chungu ya majani iliyofika magotini, kila msafiri amepita akaweka la kwake. Na juu ya majani hayo yote Kalonda wangu, katika mstari wake mweusi, anatutazama tukija. Hata mimi niliyemchora nywele zilinisimama.

Chini yake, kwenye mkeka, alilala mama mmoja mwembamba, kichwa kimenyolewa. Wanawake waliokuwa naye walitawanyika wote kama kuku. Yeye alifungua macho.

Kalonda akachuchumaa, kwa taabu, mkono tumboni.

"Mama."

Akamtazama usoni. Hakushtuka. Alikuwa mtu pekee katika Kabambare nzima ambaye hakushtuka.

"Umekuja kunichukua?"

"Hapana, mama. Nimekuja kula."

Mama Kalonda akajiinua kwa kiwiko, akasema kwa sauti iliyokwaruza: "Leteni chumvi."

Hakuna asiyejua kwamba wafu hawali chumvi. Mwanamke mmoja, shujaa kuliko wenzake, akaleta sahani ya bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ile ile waliyokuwa wamemletea mama akaikataa, na kifuko cha chumvi. Mama akamimina. Hakumimina ya kuonja, alimimina kiganja kizima juu ya sombe, akamsogezea mwanawe. Kalonda akakata tonge, akachovya, akala. Akakata lingine. Machozi yalimtoka, na sijui yalikuwa ya nini, maana uso ulikuwa umejikunja mzima. Mama hakuondoa macho kwenye koo lake, akitazama kila tonge linavyoshuka. Sahani ilipokaribia kuisha, Kalonda akakohoa.

"Maji," akasema. "Mama, tafazali, maji."

Hapo yule mama akaingiza mkono katika sahani, akachukua tonge la mwisho, la chumvi tupu, akalitia kinywani mwake.

Sijui ni nani aliyepiga kigelegele cha kwanza. Labda ni mimi. Nililia mpaka kamasi, mbele ya watu nisiowajua, na siioni aibu.

Chini ya paa

Furaha haikukaa. Mkuu wa kijiji alikuja, akamshika Kalonda mikono yote miwili, halafu akageuka. "Nani alifanya hii kitu?" Sikuhitaji kujibu. Nilikuwa na rangi kwenye kucha na brashi zinachungulia mfukoni. Nikasema ni mimi, nikaeleza mstari mweusi, na maelezo yangu yalisikika ya kipumbavu hata masikioni mwangu. Akamtuma Sefu alete shoka, payoti ivunjwe, ubao uchomwe.

"Acha," akasema Mama Kalonda.

Walikuwa wamempa uji wa moto, anakunywa kidogo kidogo, mgongo umeegemea nguzo.

"Kilio kilikwisha kutoka. Hakirudi mu shingo za watu. Mukivunja hii nyumba, kitazunguka tu kutafuta mwenyewe, na kitarudi kwa mutoto wangu. Mwenyewe ni miye. Miye ndiye wa kufa mbele yake, haiko yeye." Akanielekezea kijiko. "Wewe mama wa rangi. Toa sura ya mutoto wangu, weka yangu."

Kalonda akaanza, "Mama, hapana, usiseme..."

"Nyamaza. Wewe ni mufu, wafu hawajibu."

Watu wakaangua kicheko, na mkuu wa kijiji akacheka nao, na shoka likabaki begani mwa Sefu.

Kesho yake asubuhi nikampaka Kalonda rangi nyeupe, uso wote. Ilinishtua tena kumwona akipotea chini ya brashi, ingawa alikuwa hapo nyuma yangu anakwangua muhogo. Mama yake akaketi mbele yangu kwenye kigoda, amevaa kitenge cha kwenda misani, kidevu juu.

"Unitie meno," akaagiza.

"Yapi, mama?"

"Hata yale haiko."

Nikamtia. Nilipofika pembeni nilifungua kopo la kijani, nikitaka kuufuta ule mstari uliotuletea balaa. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyenye nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Ile nyeusi iache. Sina haraka. Lakini mahali yangu ikae tayari, na yake isikae."

Brashi ilinikimbia, nikaharibu sikio moja. Akasema liko sawa, la kwake pia si zima.

Mkubwa wa mradi akija na kuuliza kiongozi wake wa wageni amekwenda wapi, atamkuta Mama Kalonda, wazungumze. Siku nilipoondoka alikuwa amekwisha kuhamia pale mchana kutwa na muhogo wake wa kumenya, na kila akiona mgeni anapiga kelele kuelekea kijijini: "Kalonda! Watu!" Naye Kalonda anakuja, amevaa koti, polepole kwa ajili ya mshono.

Basi mmesikia. Nanyi mkipita huko, mkamwona chini ya paa bibi kizee mwenye meno mengi katika mstari mweusi, na mbele yake bibi huyo huyo asiye na meno, msiweke jani. Salimieni, kaeni kwenye mkeka, ombeni chumvi, mle naye.